Kula kwa Mtu Aliyepunguzwa Tumbo

Siku moja aliletwa kwetu Karavia mama mmoja mwenye miaka 46, ameshikwa mikono na binti zake wawili. Wiki tano kabla ya siku ile alikuwa amepasuliwa tumbo katika nchi nyingine kwa ajili ya unene. Alikwenda huko akiwa mzito sana, magoti yakimwuma, sukari ikiwa juu katika damu yake. Alirudi mwenye furaha. Lakini muda wa majuma matatu alikuwa akitapika kila siku, karibu kila chakula. Jamaa hawakushangaa. Walisema, "Ndiyo kazi ya upasuaji ule, tumbo limekuwa dogo, kutapika kutakwisha kwenyewe." Sasa nyayo zake zilimwaka moto, macho yake yalichezacheza bila kutulia, naye alitembea kama mlevi, hali hajaonja pombe maisha yake yote.

Nilimwona amekauka maji. Nikachukua chupa ya seramu ya sukari, nikaanza kutafuta mshipa. Daktari akaingia, akaniuliza, "Ametapika muda gani?" Nikamjibu. Akanishika mkono, akasema, "Ngoja. Vitamini B1 itangulie." Kwa sababu gani alinizuia nitaeleza mbele. Nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na siku ile karibu nimwumize mtu kwa haraka yangu.

Naanza na habari hii maana wengi hufikiri ya kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali, au ya matajiri tu. Sivyo. Watu wa Lubumbashi wanavuka Kasumbalesa, au wanapanda ndege pale Luano, wanakwenda kupasuliwa, na baada ya siku chache wanarudi. Kule Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, ilianza mwaka 2022 kutia watu puto ndani ya tumbo ili wapungue uzito. Daktari aliyefanya kazi hubaki kwake. Anayerudi anakula mezani kwetu, chakula chetu, kilichopikwa na mama zetu. Basi imetupasa sisi kujua namna ya kumlisha.

Kazi iliyofanywa na kisu

Chini ya mbavu za kushoto kuna mfuko unaopokea chakula tunachomeza. Mtu mzima akila akashiba, mfuko huu unapanuka hata kuchukua lita moja na zaidi. Ndani yake chakula kinasukwasukwa na kulainishwa kwa maji makali, kisha kinateremshwa kidogo kidogo katika utumbo mwembamba. Mlango wa chini wa mfuko ni kama mlinzi mwema: hauachilii vyote kupita mara moja.

Siku hizi zatumika sana njia mbili. Katika njia ya kwanza daktari anaukata mfuko kwa urefu, anaondoa sehemu tatu katika nne au zaidi, na kinachobaki ni mrija mwembamba, mfano wa ndizi. Katika njia ya pili haondoi mfuko. Anatenga kipande kidogo upande wa juu, kiasi cha kujazwa na vijiko viwili vya supu, anakiunganisha na utumbo mwembamba, na tangu siku hiyo chakula kinapita kando ya mfuko mkubwa na kando ya sehemu ya kwanza ya utumbo. Njia hii ya pili ilianzishwa mwaka 1966 na Daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani. Yeye alikuwa ameona ya kuwa watu waliokatwa sehemu ya mfuko kwa ajili ya vidonda vya tumbo walikonda, na hawakunenepa tena upesi.

Kwa hiyo wewe uliyekatwa tumbo zamani kwa ajili ya kidonda au uvimbe, usifunge kitabu. Mengi ya somo hili ni yako pia. Na yule aliyetiwa puto, ambalo hukaa miezi kadhaa kisha huondolewa, naye atajifunza karibu mambo yale yale ya kula polepole na kidogo.

Nasikia wengine kanisani wakisema ya kwamba upasuaji huu ni uvivu, kwamba mtu angefunga mdomo tu. Mimi sikubali. Nimewaona walioufunga mdomo miaka kumi wakashindwa. Unene mkubwa ni ugonjwa wenye mizizi mingi, na mwili wenyewe unapigana ili kurudisha uzito uliopotea. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani walitambua kichochezi cha njaa kinachotoka kwa wingi katika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, wakakiita grelini. Sehemu hiyo ndiyo inayoondolewa katika njia ya kwanza, nayo ni sababu mojawapo ya mgonjwa kukaa miezi mingi bila njaa kali. Walakini njaa hurudi. Mwaka wa kwanza ni mwaka wa kujifunza, kabla haijarudi.

Majuma ya kwanza

Mshono wa ndani haujapona, kwa hiyo mtu anarudi kwanza kuwa kama mtoto mchanga. Kama majuma mawili anakunywa tu: maji, supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi sana usio na sukari. Halafu anakula vilivyopondwa laini, hata juma la nne hivi. Kisha vyakula vyororo, na baada ya juma la sita au la nane anaanza kujaribu chakula cha nyumbani. Kama daktari wako alikupa hesabu nyingine, shika ya daktari wako.

Maji ni taabu ya kwanza. Mwili unataka kama lita moja na nusu kwa siku, na mfuko haupokei glasi nzima. Basi kunywa mafunda madogo mchana kutwa, chupa iwe karibu nawe, hasa miezi ya joto ya Septemba na Oktoba kabla ya mvua. Lakini usinywe pamoja na chakula. Acha kunywa mtu akianza kupakua, na baada ya kula ngoja nusu saa. Maji yakiingia juu ya chakula, ama yanajaza nafasi ndogo iliyopo, ama yanasukuma chakula kishuke kabla ya wakati wake.

Habari ya tonge

Sasa nataka tukae kidogo hapa, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

Tangu utoto tumefundishwa kula bukari. Unanawa, unakata, unafinyanga tonge, unatia shimo kwa kidole gumba, unachota mchuzi, unameza. Angalieni neno hilo la mwisho: unameza. Nani kati yetu anatafuna bukari? Mtoto akitafuna, bibi yake anamcheka. Katika tumbo zima kumeza namna hii si kosa. Katika mrija mwembamba kama ndizi, tonge laini lenye kunata linasimama pale juu kama kizibo katika chupa.

Mgonjwa atajua mara moja. Anasikia uzito nyuma ya mfupa wa kifua. Mate yanamjaa mdomoni yenye povu. Pua inachuruzika, au kwikwi inaanza. Mwisho anatoka nje kutapika, na kinachotoka si chachu, ni tonge lenyewe kama lilivyoingia. Jamaa wanasema, "Amekataa chakula chetu." Hakukataa. Kimekwama.

Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza, au mitatu, ni vizuri bukari isiwe chakula chake. Baadaye ajaribu kipande kidogo kama punje ya haragi, akitafune mpaka kiwe maji mdomoni, aweke mkono chini, angoje, ndipo achukue kingine. Kutafuna mara 20 au 30 si mzaha. Na bukari ije mwisho, baada ya samaki na mboga, isitangulie kamwe. Wengine wataiweza baada ya miezi minne. Wengine mwaka utapita bado inawasumbua, nao hawana kosa. Wali unafanya vivyo hivyo kwa watu wengi. Mkate mpya mweupe unageuka donge. Mkate wa jana uliokaushwa juu ya makaa unapita vizuri zaidi.

Ukijaribu chakula kipya, jaribu kimoja tu kwa siku, nyumbani, usijaribu katika arusi. Kikikataa, usikiandikie hukumu ya milele. Kiache majuma mawili au matatu, kisha ukijaribu tena. Chakula kilichokataa mwezi wa tatu mara nyingi hukubali mwezi wa nane. Ni vema kuwa na daftari: leo nimekula nini, kiasi gani, kimekaa au kimerudi. Nimeona madaftari haya yakifundisha kuliko mimi.

Na zile dalili nilizotaja, uzito kifuani, pua, kwikwi, ndiyo kengele. Mtu aache hapo hapo, hata kama limebaki funda moja tu. Funda hilo la mwisho ndilo linalorudisha yote.

Kinachoshuka kwa urahisi

Alikuwako baba mmoja, mwalimu wa shule, aliyepasuliwa vizuri na kupungua kilo nyingi. Mwezi wa pili alijaribu nyama ya ng'ombe, ikakwama, akateseka saa nzima. Tangu siku ile aliogopa nyama. Akajaribu maharagi, yakamletea upepo, akayaacha. Samaki alimwogopa kwa ajili ya miiba. Lakini aligundua ya kwamba uji wenye sukari unashuka bila shida. Vitumbua vilivyochovywa katika chai vinashuka. Biskuti zinayeyuka. Soda, ile tunayoiita sukre, akiiacha wazi mpaka upepo utoke, inashuka. Basi aliishi hivyo, akamshukuru Mungu ya kuwa tumbo lake limetulia.

Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuja kwetu. Uzito ulikuwa unarudi. Pamoja na hayo nywele zilikuwa nyepesi, misuli ya mapaja imelegea, kucha zimepinda kama kijiko, naye alichoka akipanda ngazi tatu. Alikuwa mtu mwenye njaa ndani ya mwili unaonenepa. Akaniuliza, "Nimekosa wapi? Sijatapika tangu mwaka jana."

Ndugu zangu, hapo ndipo penye mtego. Mtu aliyepunguzwa tumbo anaongozwa na tumbo lake kufuata njia laini. Vyakula vya kujenga mwili, yaani nyama, samaki, maharagi, mayai, vinataka meno, subira na mapishi mazuri. Vyakula vitamu na laini havitaki kitu; vinateleza mrijani na kupita, havishibishi, na baada ya saa moja mtu anakula tena. Katika mwili mzima wa kawaida kosa hili ni dogo. Kwake yeye anayeweza kula kikombe kimoja tu kwa wakati, kila kijiko cha sukari kimechukua mahali pa kijiko cha samaki. Chupa moja ya soda ya sentilita 33 ina sukari karibu vijiko 7 vya chai. Hebu mfikiri.

Madaktari husema mtu huyu apate gramu 60 za protini kwa siku, au zaidi. Yai moja lina gramu 6. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina karibu 20. Glasi kubwa ya maziwa ina kama 8. Kwa hiyo kula protini kwanza katika kila mlo, wakati nafasi ipo, halafu mboga, na mwisho bukari au viazi kama nafasi imebaki.

Mama mpishi ana kazi kubwa kuliko daktari katika jambo hili, wala halazimiki kununua vitu vya ghali vya dukani. Kapenta kavu, ukizikaanga bila mafuta na kuzitwanga katika kinu mpaka ziwe unga, unga huo unaingia katika uji usio na sukari, katika lengalenga, katika sombe, na hakuna kitu cha kukwama. Finkubala nao ni chakula cha kujenga mwili kweli kweli; zaidi ya nusu ya uzito wao mkavu ni protini. Walakini ngozi yao ni ngumu: waloweke, wachemshe sana, kisha wasage. Maharagi yapikwe mpaka yapasuke, yapondwe, maganda yachujwe. Tomsoni na samaki wengine wachemshwe katika mchuzi, usiwakaange mpaka wakauke, na mpishi atoe miiba yeye mwenyewe kwa vidole vyake. Kuku apikwe muda mrefu na kuchambuliwa nyuzi nyuzi. Nyama ya ng'ombe na nyama kavu ya pori zingoje zije mwisho wa zote, zikija, zisagwe. Sombe itwangwe vizuri sana na mawese yawe kidogo, maana mafuta mengi yatamkimbiza chooni. Maziwa mabichi mara nyingine humsumbua mtu mzima hata kabla ya upasuaji. Maziwa ya mgando hukubali zaidi. Nyuzi za embe, ngozi nyeupe za chungwa na makapi ya muwa asimeze.

Yule mwalimu alianza upya na yai moja la kuchemshwa laini, nusu asubuhi, nusu saa nne. Mkewe alicheka kwanza. Juma la pili alimpondea kapenta. Nyama ya ng'ombe haiwezi mpaka leo.

Jasho baada ya utamu

Watu wa njia ya pili hasa, na wale waliokatwa tumbo zamani kwa ajili ya vidonda, wana jambo jingine. Yule mlinzi wa mlango wa chini hayupo tena njiani. Wakinywa soda au uji mtamu, sukari yote inaangukia utumbo mara moja, na maji ya damu yanakimbilia huko. Kabla ya nusu saa kupita moyo unapiga mbio, jasho linatoka, tumbo linakata, kuhara kunakuja. Mara nyingine taabu inakuja baadaye, saa moja hata tatu baada ya kula: mwili umetoa dawa yake ya kushusha sukari kupita kiasi, na mtu anatetemeka, anaona giza. Watu wamefikiri ni uchawi au sumu. Ni sukari. Alale kidogo mara ya kwanza hiyo. Wakati mwingine aache utamu, ale protini, atenge maji na chakula. Anayezimia aletwe hospitali.

Na mgonjwa wa sukari atunze neno hili: baada ya upasuaji sukari hushuka upesi, mara nyingi katika siku chache. Vidonge au sindano alizotumia zamani zaweza kuwa nyingi mno kwake sasa. Apimwe, na daktari ampunguzie.

Kutapika kusikokoma

Narudi kwa yule mama. Vitamini B1 ni ile inayousaidia mwili kuchoma sukari na kuitia nguvu mishipa ya fahamu na ubongo. Mwili hauna ghala kubwa ya vitamini hiyo. Majuma mawili au matatu bila chakula yanaimaliza. Ikiisha, huja beriberi: miguu kuwaka na kufa ganzi, kisha kuyumba, macho kucheza, akili kuchanganyika. Na ukimtia mtu kama huyo sukari nyingi mshipani bila B1, ule mabaki mdogo unatumika wote kwa mara moja, na ubongo unaweza kuumia usipone. Ndiyo sababu daktari alinishika mkono. Kwa hiyo B1 itangulie, au iende pamoja na sukari kama sukari ya damu imeshuka vibaya na haiwezi kungoja.

Kutapika mara moja kwa sababu ya tonge si jambo la kuogopa. Lakini mtu aliyepunguzwa tumbo akitapika siku mbili mfululizo, au akishindwa hata kumeza maji, msimngoje. Mleteni. Na mwenye maumivu makali ya tumbo, homa, au moyo unaokwenda mbio katika majuma ya kwanza, aletwe usiku huo huo, maana mshono unaweza kuwa umeachia.

Damu, na habari ya pemba

Baada ya upasuaji, hasa njia ya pili, madini ya chuma hayaingii vizuri mwilini, wala vitamini B12, wala kalsiamu. B12 ina ghala kubwa katika ini, kwa hiyo upungufu wake unaweza kuchelewa miaka miwili au mitatu, wakati mtu amesahau kabisa ya kwamba alipasuliwa. Vidonge vya vitamini si vya miezi mitatu. Ni vya maisha, na damu ipimwe kila mwaka. Chai isinywewe pamoja na chakula wala na kidonge cha chuma, maana inakizuia. Nywele zikianguka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, mara nyingi zitaota tena ikiwa chakula cha kujenga mwili kinatosha.

Mama zangu, nisikieni kwa upole. Ukijiona unatamani pemba ya sokoni, au udongo wa ukuta baada ya mvua, au barafu ya kutafuna, usione haya, sema. Mara nyingi ni alama ya damu iliyopungukiwa chuma. Lakini pemba haiongezi damu; inashika chuma kidogo kilichomo katika chakula na kutoka nacho. Tena inaweza kuziba mrija. Mwanamke anayetaka mimba angoje mwaka mmoja au mwaka na nusu baada ya kupasuliwa, ili mtoto asijengwe kutoka ghala tupu.

Mezani kwa watu

Hapa kwetu mtu akikonda, majirani wananong'ona. Nimejua dada mmoja aliyesikia nyuma yake, hapo hapo mlangoni pa kanisa, ya kwamba ana ugonjwa ule. Alianza kula kwa nguvu ili mwili urudi, wanyamaze. Kama unampenda mtu kama huyo, usimwambie, "Yaya, umekwisha!" Mwulize tu habari zake.

Kula katika bakuli moja na wengine ni desturi nzuri, ila kwake ina shida: haoni kiasi anachokula, na mkono wake unafuata mwendo wa wenzake. Apewe sahani ndogo yake mwenyewe, na kijiko cha chai. Mlo wake uchukue kama dakika 20 au 30. Kwenye arusi na kwenye kilio, mwenyeji anaweza kuona amedharauliwa. Nimeona njia moja inayofaa: mgonjwa amwambie mapema mtu mmoja wa nyumba hiyo, mama mwenyewe au shemeji, naye ndiye atakayemtetea. Si lazima mji mzima ujue habari za tumbo lake. Na mama mkwe anayesema, "Maliza, mwanangu, kijiko kimoja tu," ajue ya kuwa kijiko hicho ndicho kile cha kizibo.

Katika kanisa letu wako wanaofunga siku tatu bila chakula wala maji. Aliyepunguzwa tumbo asifunge hivyo. Atakauka maji kabla ya jioni ya siku ya pili. Azungumze na mchungaji wake, na watafute namna nyingine. Dada mmoja aliniuliza pia habari ya Meza ya Bwana. Nilimjibu ya kwamba kipande kile cha mkate na funda lile la kikombe havimdhuru, atafune tu.

Habari ya pombe nasema kama mwuguzi. Baada ya upasuaji pombe inapanda kichwani upesi na inakaa muda mrefu, na wako watu ambao hawakuwa walevi wakawa walevi katika mwaka wa pili. Glasi moja ya lutuku inaweza kumwangusha aliyekuwa akinywa tatu.

Karatasi

Mwisho ni dawa za maumivu. Katika kila farmasi ya mji huu utapewa ibuprofeni au diklofenaki kwa ajili ya mgongo, bila swali. Aliyepunguzwa tumbo, hasa kwa njia ya pili, asizitumie, wala aspirini bila amri ya daktari. Zinatoboa kidonda mahali pa mshono. Aombe parasetamoli.

Kwa hiyo tunawaandikia karatasi ndogo, waiweke pamoja na kitambulisho: upasuaji gani, mwaka gani, dawa gani zimekatazwa, na maneno haya kwa herufi kubwa: AKITAPIKA, B1 KABLA YA SERAMU YA SUKARI. Hata kama amezimia barabarani, mwuguzi atakayemfungua mfuko ataisoma.

Yule mama anayo ya kwake. Macho yake yalitulia katika siku chache tangu sindano za kwanza. Kutembea kulichukua miezi, na ncha za vidole vya miguu bado zina ganzi. Daktari hakumwahidi ya kuwa zitarudi. Anakuja kila miezi mitatu kwa sindano ya B12. Mara ya mwisho alileta chakula chake katika kibakuli kwa sababu foleni ilikuwa ndefu: samaki aliyechambuliwa, lengalenga, na pembeni kipande cha bukari kama punje ya haragi. Nilimwona akikitafuna muda mrefu, mkono mapajani, huku binti yake akimwangalia.